Yule wa dirisha la chanjo amepiga chafya juu ya kadi yangu, halafu AKACHEKA

Wakuu, natetemeka kwa hasira, siyo homa. Yule wa dirishani mnamjua, jina la nini. Yule mwenye kalamu tatu mfukoni na haazimi hata moja.

Nimepanga foleni mpaka waliokuwa mbele yangu wamestaafu. Nikasema nataka chanjo ya homa ya mafua. Akapaza sauti ya dalali: "Mtu mzima na afya yako unaogopa mafua?" Foleni nzima kicheko. Nikamweleza: nyumbani nina mama mwenye kisukari, kavuka 65, na kinga ya wazee huwa dhaifu hata wakichanjwa. Nina pia kachanga ka miezi 4, na chanjo hii haitolewi kabla ya miezi 6. Hako kakingwe na nani kama siyo sisi tunaokabeba?

Jibu lake: CHAFYA. Kwenye kadi yangu! Hakugeuka, hakuziba mdomo. Akaifuta kwa kiganja, akanirudishia kwa kiganja hicho hicho. Nyuma yangu mjamzito na mzee wa pumu, wote tumeoga.

Halafu eti "chanjo yenyewe ndiyo inaleta mafua." Anakaa dirisha la chanjo huyo! Ya sindano haina kirusi hai hata kimoja, maiti anamwambukiza nani? Mwenye virusi hai ni yeye, na kavigawa bure. Juu ya kadi, wakuu. KADI.

Kobe Mkimbizi: Sindano ulichomwa au hukuchomwa?

Mleta mada: Nilichomwa, lakini hoja ni chafya! Kinga inahitaji kama wiki 2 kujijenga, virusi vyake nimevipata leo leo.

Shangazi Mkali: Chanjo na ugonjwa dirisha moja, umehudumiwa kikamilifu 😂😂

Bwana Kimya: Insha yote hii kisa mate. Mimi yule aliniambia kadi yangu imechakaa nirudi na mpya, na mpya anatoa yeye.

Kobe Mkimbizi: Mimi nilichanja mwaka jana, inatosha.

Shangazi Mkali: Haitoshi mwanangu. Virusi vinabadilika na kinga inapungua. Shirika la Afya Duniani linaitisha wataalamu mara 2 kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo.

Bwana Kimya: Wawaitishe pia kumchagulia yule kitambaa cha pua.

Mleta mada: Asante. Maana kiganja kile kile…

Abiria wa Nyuma: Chafya ya dirishani afadhali. Kuna yule wa kwenye basi, anakohoa safari nzima na kafunga madirisha yote. Watoto wamo, wazee wamo, hewa hamna.

Kobe Mkimbizi: Dirisha nafunga mimi. Upepo ndio unaoleta mafua.

Abiria wa Nyuma: KUMBE NI WEWE!!

Shangazi Mkali: Mafua yanaletwa na virusi, Kobe. Fungua dirisha.

Kobe Mkimbizi: Sifungui. Nauli nimelipa.

Mleta mada: Jamani, kadi yangu…

Bwana Kimya: Mleta mada subiri kidogo, tunamalizana na huyu wa madirisha. Kobe, huwa unapanda basi la saa ngapi?