Pedeli za kusogea kwa swichi, F-150: breki inakwenda, ya mafuta imegoma

pikapu_mwera

Assalaam alaykum jamani. Gari ni Ford F-150 ya 2006, usukani kushoto, imeletwa kutoka Dubai. Ina ile swichi ya kusogeza pedeli mbele na nyuma. Ukibonyeza, mota inalia na pedeli ya breki inakwenda vizuri, lakini ya mafuta haitikisiki. Sasa breki imekuja karibu na dereva, mafuta imebaki ndani kabisa.

La pili: asubuhi za mvua mara nyengine swichi haifanyi kitu, hata mlio hakuna. Jua likipanda inarudi. Gari inafanya kazi za shamba na mara kwa mara inateremka mchangani Paje.

Nimeambiwa mota imekufa, niagize nyengine. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

fundi_jangombe

Waalaykum salaam. Mota inayolia na kuvuta breki haijakufa. Hapo una maradhi mawili yasiyohusiana: la pedeli ya mafuta ni la chuma na plastiki, la asubuhi za mvua ni la umeme. Ukiyachanganya utanunua mota na gari itabaki vilevile.

Mota iko moja tu, imefungwa kwenye braketi ya pedeli ya breki. Inazungusha skurubu ndefu ya pedeli hiyo, na papo hapo inazungusha waya laini unaokwenda mpaka skurubu ya pedeli ya mafuta. Waya huo ni kama ule wa spidomita za zamani: ndani waya wa chuma wenye ncha ya mraba, nje ganda la plastiki. Ncha ya mraba inaingia kwenye tundu la mraba, na ikichomoka kidogo tu, mota inazunguka bure upande ule. (Asije mtu akakwambia huo ndio "waya wa mafuta". Gari hii injini yake inapokea mafuta kwa sensa, haina waya wa kuvuta throto, yaani mlango wa hewa wa injini.)

Kwa hiyo fungua kwanza, ununuzi baadaye. Gia kwenye P, toa taminali hasi ya betri, subiri dakika chache. Ondoa paneli ya plastiki iliyo chini ya usukani, magotini. Andaa soketi za 8, 10 na 13, mkono mrefu wa soketi, na taa ya kichwani, maana utalala chali mlangoni. Plagi za rangi ya manjano ni za eabegi, usiziguse.

Tafuta waya laini unaotoka kwenye braketi ya breki kwenda kwenye pedeli ya mafuta. Angalia ncha zote mbili. Ya pedeli ya mafuta ndiyo huanza kuachia kwa sababu iko chini, inapigwa na viatu na inakula mchanga. Ganda likiwa limetoka kwenye shingo yake ya plastiki, au limechanika pale linapoingia, umeshapata jibu. Kama ganda liko sawasawa, chomoa uangalie ncha ya mraba: ikiwa imekuwa duara, imesagika, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha waya.

Mpaka itengenezwe, gari hiyo usimpe dereva mgeni. Breki ikiwa karibu sana na dereva kuliko mafuta, mguu unachelewa kupanda. Ikiwa kinyume chake, mafuta imekuja juu kuliko breki, ni mbaya zaidi: unakanyaga breki na ukingo wa kiatu unakanyaga mafuta.

kizimkazi4x4

Hiyo ni rahisi yakhe. Kata ganda la nje kama nusu inchi, waya wa ndani utatokeza zaidi na utashika. Au tia supaglu pale linapotoka.

fundi_jangombe

Supaglu hapana. Plastiki ya ganda ni laini na ina mafuta, gundi inakauka juu yake kama ukoko na siku ya pili imebanduka. Na nusu inchi ya kukisia ndiyo inayoua waya. Ukikata kupita kiasi, waya wa ndani unakuwa mrefu kuliko nafasi, unasukuma mwisho wa tundu, unajipinda ndani ya ganda na kukatika. Au unalia tak-tak-tak kila ukibonyeza swichi.

Mpangilio ni huu. Kama ganda limetoka kwenye shingo, lirudishe ndani mpaka mwisho, kisha lizuie lisirudi nyuma: klipu ndogo ya hosi, isikazwe hadi kubana waya wa ndani, au taiti mbili za plastiki zinazofunga ganda na shingo pamoja. Jaribu. Mara nyingi kazi imekwisha hapo.

Kama ganda limekaa mahali pake na bado haishiki, basi limerefuka au waya umepungua, na hapo kukata kunaruhusiwa ila kwa kipimo. Sukuma waya wa ndani mpaka ushike vizuri upande wa mota. Upande wa pedeli, pima kiasi gani ncha imetokeza. Chukua kijiti chembamba, pima kina cha tundu. Tofauti ndiyo unayokata, ukiacha milimita 1 ya kupumua. Tofauti ikiwa milimita 6, unakata 5. Kata kwa wembe mkali, si koleo, ili mdomo wa ganda usibanwe, na ukishakata safisha vumbi la plastiki.

Pia angalia njia ya waya. Ukikunjwa sana hauzunguki vizuri hata ukiwa mpya. Kama kuna mtu amewahi kufunga redio au alamu pale chini, mara nyingi ameufunga pamoja na nyaya zake.

umeme_chake

Mie niongeze upande wa umeme, hasa hilo la mvua.

Kwanza, gari nyingi za Marekani zenye pedeli hizi huzuia swichi gia ikiwa R (rivasi) au kruzi, ile ya kushika mwendo yenyewe, ikiwa imewashwa. Angalia kama taa za rivasi zinabaki zinawaka gia ikiwa P. Zikiwaka, tatizo ni swichi ya gia. Ni jambo la kuchungulia nyuma ya gari tu, halihitaji spana.

Kisha fyuzi. Kwenye modeli hiyo sanduku la fyuzi la ndani liko mguuni upande wa kulia wa abiria, nyuma ya kifuniko. Soma namba kwenye kitabu au kifuniko chake, usibahatishe. Usitazame tu kama fyuzi imekatika, tazama miguu yake. Ikiwa na kijani au weupe, unyevu na chumvi vimeshaingia.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa watu wengi wanajidanganya. Ukichomoa plagi ya mota na kupima, utaona volti 12 na utasema umeme upo. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya unaweza kuonyesha 12 bila mzigo. Pima plagi ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza pini za mita nyuma ya plagi, kwenye nyaya mbili nene, huku mwenzako anabonyeza swichi. Akibonyeza upande mmoja mita isome karibu na 12, akibonyeza upande wa pili isome vilevile lakini ikiwa na alama ya kutoa, kwani swichi inageuza chanya na hasi. Ikiwa mota inalia na mita inasoma 7 au 8, volti zinapotea njiani.

Kuzitafuta: mita kwenye volti DC, pini nyeusi kwenye taminali hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa erthi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wa saketi hiyo, swichi ikiwa imebonyezwa. Isizidi nusu volti. Ikizidi, erthi ni mbovu. Kumbuka erthi ya mota inapita ndani ya swichi yenyewe, kwa hiyo pima kabla na baada ya swichi. Hali ya "asubuhi hapana, mchana ndiyo" kwa kawaida ni kontakti iliyolika, si mota.

Fundi akikuambia alishe mota moja kwa moja kutoka betri, sawa, ila atie fyuzi ya ampea 10 katikati, na agusishe kidogo kidogo. Pedeli ikifika kikomo na mota bado inalishwa, gia za plastiki ndizo zitakazolipa.

pikapu_mwera

Ahsanteni sana. Nimefungua. Ganda limetoka kwenye shingo upande wa pedeli ya mafuta, ncha ya mraba bado ina kona. Upande wa umeme: plagi ikiwa nje 12.3, ikiwa ndani 7.9. Erthi inapoteza volti 3 na zaidi, bolti yake kwenye bodi, mguuni, imeota kijani. Skurubu za pedeli zimejaa mchanga na grisi iliyokuwa ngumu. Nipulizie WD-40?

umeme_chake

Hiyo bolti ndiyo. Ifungue, kwangua bodi na jicho la waya mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake baada ya kukaza, si kabla. Kama waya wenyewe umekuwa mweusi ndani ya jicho, kata mpaka ufike shaba safi utie jicho jipya. Plagi na swichi tumia dawa ya kusafishia kontakti, msasa hapana.

fundi_jangombe

WD-40 itumie kuosha tu, kwa brashi ya meno na kitambaa, isibaki kuwa ndiyo grisi. Inakauka na mchanga unabaki. Ikishakuwa safi paka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo, kwenye skurubu peke yake. Isifike kwenye sensa ya pedeli ya mafuta wala swichi ya taa za breki. Na usipulize mashine ya maji kule chini.

Kabla ya kurudisha waya laini, linganisha pedeli. Betri ikiwa imerudishwa, endesha breki kwa swichi mpaka kikomo cha mbele, kule kwenye injini, uiachie ikigusa. Ya mafuta izungushe kwa mkono kupitia tundu lake mpaka kikomo chake cha mbele. Zote mbili zikiwa kwenye kikomo kimoja ndipo unachomeka waya. Baadaye zitembeze mwendo mzima, mbele na nyuma, mara kadhaa, ukitazama kama zinakwenda pamoja. Bapa la breki lazima lisimame juu kidogo kuliko la mafuta, mwanzo hadi mwisho.

Injini ikiwa imewashwa, kanyaga breki kwa nguvu na ushike. Pedeli ikiteleza mbele kwenye skurubu, au ikitikisika kwa nafasi, nyuzi za skurubu zimekwisha: gari haitoki, unabadilisha braketi nzima. Angalia na taa za breki zinawaka na kuzima. Zulia la juu ya zulia toa, pedeli ikija nyuma linaweza kuishika ya mafuta.

kizimkazi4x4

Na kama braketi itahitajika, ipatikane wapi? Darajani sijaziona.

fundi_jangombe

Jaribu Gerezani, Dar, ukikosa ni Sharjah kwenye gari zilizokatwa. Agiza seti nzima: braketi, mota na waya laini pamoja, kutoka F-150 ya miaka 2004 hadi 2008. Kabla ya kulipa omba picha ya plagi ya mota iliyo wazi, uhesabu pini. Ya kawaida ina nyaya mbili nene tu. Yenye memori ya siti (gari inayokumbuka mkao wa dereva) ina nyembamba za ziada za sensa, na hiyo ukiifunga kwenye gari isiyo na memori, plagi haitaingia.