Dawa ya presha ya mtandaoni: boksi lina namba nyingine, vidonge namba nyingine, nifanyeje?

Mama_Wawili:
Habarini wapendwa, naombeni msaada wa haraka. Mama yangu anatumia dawa ya presha mwaka wa nne sasa, mwezi uliopita mdogo wangu akaona tovuti inauza ileile nusu bei akaagiza, hawakumuuliza cheti cha daktari wala nini, kulipa tu mzigo ukaja. Jana usiku namwandalia mama kidonge ndo naona namba ya bechi (ile ya dawa zilizotengenezwa pamoja) kwenye boksi ni moja na kwenye karatasi ya vidonge ni nyingine kabisa, halafu nilivyokikata nusu kikasagika kama chaki, vile vya zamani vinakatika safi pale kwenye mstari. Ameshakunywa siku 9 na leo asubuhi presha imesoma 178/104. Aache au amalizie?

dawani_kila_siku:
Dada, hivyo asiguse tena, ila pia asikae bila dawa maana kuna dawa za presha ukikata ghafla inapanda vibaya. Mpeleke leo hii kwa daktari wake, beba boksi, karatasi na vidonge vyote vilivyobaki. Akilalamika kifua, kichwa kikali, mdomo kwenda upande au mkono mmoja kukosa nguvu, hapo ni emajensi, msisubiri. Mimi ni mfamasia, hizo namba zinatakiwa zifanane. Na watu wanadhani feki ni unga mtupu, hapana, nyingine ina dawa kidogo, nyingine imezidishwa, nyingine ndani kuna dawa ya ugonjwa mwingine kabisa.

Kaka Mkubwa:
Poleni sana. Hata sindano zinaghushiwa, 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa tahadhari ya sindano feki za kisukari za Ozempic zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani.

bi_swafi:
Wanaouza kihalali mtandaoni wapo jamani, ila watakuomba cheti na utaongea na mfamasia. Cheti si usumbufu, mtu wa dawa za moyo za naitreti akijinunulia sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume, bila kuulizwa, presha inaweza kushuka mpaka afe. Na msiamini ile nembo ya leseni iliyobandikwa chini ya ukurasa, picha hiyo yeyote anaikopi, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa ya nchi yako utafute jina la duka. Umoja wa Ulaya tangu 2015 nembo yao unaibonyeza inakupeleka kwenye orodha ya serikali, isipokupeleka ujue nembo ni feki.

Mama_Wawili:
Tumetoka hospitali sasa hivi, asanteni sana. Mama ameandikiwa dawa upya na atapimwa presha asubuhi na jioni wiki nzima, boksi wamebaki nalo walipeleke mamlaka ya dawa. Mdogo wangu analia tu hapa, alitaka kumpunguzia mama gharama.

dawani_kila_siku:
Mwambie asijilaumu dada. Akupe na jina la tovuti muiripoti, kuna wengine wanakunywa bechi hiyohiyo saa hizi.