Mto Nairobi: kule juu kuna kaa, huku chini ni minyoo wekundu tu. Kwani mto umekufa?

mama_gredi6
Hamjambo wadau, niko na swali na naomba mnijibu na ukweli juu hii kitu imenikosesha raha wiki nzima. Kijana wangu yuko gredi 6, walipewa projekti ya kutafuta viumbe wa majini wawachore na waseme wanaishi wapi. Jumamosi tulikuwa kwa shangazi yake Kikuyu, si mbali na kinamasi cha Ondiri pale mto unapoanzia, akageuza mawe kwa kijito akapata kaa wawili, konokono, na vidudu fulani vyenye mikia mitatu myembamba kama uzi, ukiinua jiwe vinakimbilia upande wa chini. Alifurahi mpaka akasahau chakula. Sasa Jumapili akasema lazima alinganishe na huku kwetu, tunaishi karibu na mto ukishapita Gikomba, nikamwambia sawa lakini mimi ndio nitachota. Nimefunga kopo kwa fimbo nikachota tope. Hakuna kaa hakuna konokono hakuna nini, ni minyoo wekundu kama damu, wengi ajabu, wanajikunja na kujikunjua. Hapo juu kidogo kuna paipu ya maji taka imepasuka tangu mwaka jana. Jirani anasema hiyo ni minyoo ya matumbo ya watu. Mtoto ananiuliza, mama, mto umekufa? Nilikosa jibu. Si ni mto ule ule?

mpima_maji
Mama pole, na kijana mpe hongera, hiyo kazi amefanya ndiyo sisi tunaopima mito hufanya, tofauti ni kwamba yeye hakulipwa.

Hao si minyoo ya tumbo. Wala si minyoo hata. Ni watoto wa kadudu kanakofanana na mbu lakini hakaumi, hako huzunguka taa jioni karibu na maji. Anataga mayai majini, mtoto anashuka kwa tope anajijengea kamrija ka matope na uzi wake mwenyewe anaishi humo. Na ule wekundu ni himoglobini, kitu kile kile kinafanya damu yetu iwe nyekundu. Wadudu wengi hawana kwa damu yao. Huyu anayo na inamsaidia kukamata oksijeni hata pale imebaki kidogo sana. (Ukiona wengine wamezika kichwa kwa tope mkia unapepea juu, hao sasa ndio minyoo kweli, na wekundu wao ni kwa sababu hiyo hiyo.)

Sasa kwa nini oksijeni imeisha. Watu hufikiria maji taka yanaua kwa sumu, na sumu iko, lakini kubwa zaidi maji taka ni chakula. Bakteria wanakula kinyesi na mabaki, wanazaana kwa mamilioni, na wanapumua. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 kule Pwani inashika kama miligramu 9 za oksijeni ikijaa kabisa, hapa Nairobi juu karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa hivyo ni 7 na kitu. Ni akiba ndogo sana. Hiyo paipu moja inaweza kuimaliza. Kale ka mikia mitatu kanapumua kwa matamvua yaliyo ubavuni, oksijeni ikishuka usiku mmoja tu kanaondoka ama kanakufa, na kwa vile hukaa majini wiki nyingi kabla hakajaota mabawa, kukakuta chini ya jiwe ni kama shahidi wa hizo wiki zote. Chupa ya maabara inakuambia maji ya leo peke yake.

Mto haujafa mama. Umekosa pumzi.

mzee_wa_majengo
Mimi naheshimu utaalamu lakini msimdanganye mtoto. Mto ambao huwezi kunawa mikono si mto. Nimekaa kando yake miaka 50.

dada_wa_donyo_sabuk
Mzee shikamoo. Sisi tunapokea hayo maji huku, yakishaingia mto Athi yanapita Fourteen Falls. Pale maporomoko yanayavuruga na hewa inaingia tena, na kambare wako chini huku, watu wanavua. Lakini pia tunaona povu la sabuni limesimama kama pamba, na kaka yangu huniambia ati samaki akiweko maji ni safi, nikakataa, kambare ana kiungo cha kupumua hewa ya juu kabisa, yeye anaishi hata kwa tope. Na maporomoko hayaondoi madini mazito ya viwandani. Yanateremka tu mpaka Galana, mpaka Sabaki (mto ni ule ule, jina tu linabadilika), mpaka bahari huko Malindi.

mpima_maji
Dada umesema kweli tupu. Mzee na wewe sikupingi, hayo maji hayafai mkono wa mtu, mama tafadhali mtoto asishike bila glavu, kuna kipindupindu na homa ya matumbo.

mama_gredi6
Asanteni sana, nimemsomea yote. Sasa anauliza, paipu ikizibwa wale wa mikia mitatu watarudi? Nani atawaleta?

mpima_maji
Mto wenyewe. Usiku wadudu wengi huachia mawe wanabebwa na maji kwenda chini, kila usiku, na wakubwa wenye mabawa wanaruka kandokando wakitaga. Ina maana hata leo kuna wanaosukumwa kutoka huko juu, sema wakifika penye uchafu hawawezi. Shida moja ikitolewa, waliobaki juu ndio mbegu. Ndio maana vijito vya Kikuyu vikiharibika tumepoteza pande zote.

mama_gredi6
Basi anataka Jumamosi tutafute ni wapi hasa wanaishia, kati ya Kikuyu na hapa. Tuanzie wapi?

mpima_maji
Anzieni Chiromo mpande. Mawe kumi kila mahali, kwa maji yanayokimbia, si yaliyotulia. Mkikosa, pandeni Dagoretti. Na aandike saa na idadi, hata ikiwa sufuri aandike sufuri.

mzee_wa_majengo
Mkipita Chiromo mniambie, ninajua mahali pa kushukia.