Matarumbeta uwanjani Kaloleni: beni tuiweke wapi?

Mpulizaji_Jericho
Wadau, hamjambo. Napuliza tromboni katika bendi ya kanisa. Agosti tunataka kupiga nje, uwanjani kando ya Kaloleni Social Hall hapa Nairobi, bure kwa watu wa mtaa. Wapulizaji 22, ngoma 3. Mara ya mwisho tulipopiga nje, waliokaa nyuma walisikia ngoma tu. Lakini linaloninyima usingizi ni hili: natamani tupige beni, ile ngoma ya pwani ya gwaride na mashairi, na mzee wetu mmoja asema beni ni mambo ya harusi na vijembe, haifai sare zetu. Nifanyeje?

Afande_Mstaafu
Kijana, nimebeba tuba miaka 19. Mdomo wake unaangalia juu, na nje hakuna dari, sauti yote wanaisikia kunguru. Kaeni nusu duara, migongo karibu na ukuta wa hall, kornet ziwaelekee watu. Agosti kuna baridi, na shaba ikipoa sauti hushuka. Pulizeni dakika kumi kwanza ndipo mpatanishe sauti. Na vibanio vya nguo! Upepo ulishawahi kunipokonya karatasi katikati ya machi.

Mwana_wa_Langoni
Huyo mzee muulizeni sare yake yeye imetoka wapi. Miaka ya 1890 watu wa pwani waliziona bendi za wakoloni, wakachukua gwaride, vyeo na kofia, wakatia mashairi yao. Hata jina beni ni Kiingereza, "band", kilichovikwa kanzu. Mombasa kulikuwa na vikundi viwili vya beni, Kingi na Skochi, kila upande ukitapanya mali ili umwaibishe mwenziwe. Vita Vikuu vya Kwanza, askari na wapagazi wakaieneza bara. Nanyi mwala nyama Kariokor kila wikendi, jina lenyewe ni Carrier Corps, wapagazi hao hao! Ila msiipe dakika tano kama kachumbari. Iteni wapigaji na mtunzi wa pwani, wapeni nusu saa na malipo, nanyi mfuate ngoma yao.

Dada_Makadara
Namtetea mzee kidogo. Vijembe vya beni vilikuwa vikali, na hapo kutakuwa na watoto. Kwa nini mtunzi asitunge vya mitaa? Kaloleni na Jericho zitaniane. Hapo mtaona uwanja ukijaa.

Makanga_Jogoo
Mkiingia Jogoo Road na gwaride mniambie mapema, nipitie kwingine 😂

Afande_Mstaafu
Huyo anatania lakini ana hoja. Gwaride la barabarani polisi wapewe taarifa siku 3 hadi 14 kabla. Kelele nazo ni kibali cha kaunti.

Mpulizaji_Jericho
Ahsanteni sana. Kaka wa Langoni, nakuja inbox kuhusu mtunzi. Na mzee nimeshajua dawa yake: nitamwomba yeye atangulie mbele ya beni na ile fimbo ya kiongozi wa gwaride. Anaipenda kuliko chakula.