Nimemwita baba mkwe "msela" mbele ya ukoo, namwendeaje?

Wakuu, naombeni ushauri. Jumamosi kwenye sendofu ya shemeji yangu nilipewa kipaza sauti nitoe neno. Baba mkwe amenipokea kama mwanawe, nami kwa moyo mweupe nikasema, "Mzee wetu huyu ni msela wangu kabisa." Vijana wakapiga makofi. Yeye akaweka glasi mezani taratibu, na hakula tena. Tangu hapo nikimwamkia anaitikia "marahaba" tupu, haulizi hata wajukuu. Mke wangu anasema nimemwita baba yake muhuni. Kwangu mimi msela ni mtu wako wa karibu, asiye na makuu. Neno hili limetoka wapi?

Mzee wa Gati: Mwanangu, hilo ni "sailor" la Kiingereza lililovishwa m- ya watu. Sisi tuliokulia Dar miaka ya 70 na 80, msela alikuwa kijana asiye na kazi wala pa kulala, anashinda bandarini akivizia meli ya kuzamia. Leo kapendeza, kesho hana nauli. Ukimwita mtu mzima msela, umesema hana kwao. Baba mkwe wako kasikia hilo, na mbele ya wakwe wapya!

Mama Wawili: Mzee wa Gati kasema kweli, ila neno halikubaki hapo. Bongo Fleva ilipopamba moto, usela ukawa fahari: kuishi kwa jasho lako na kutowatupa wenzako. Msela nondo ni sifa kubwa. Lakini mselamavi ni tusi mpaka leo, kwa hiyo ule uchafu wa zamani haujatoka wote. Hata "Bongo" ilianza na ubongo, Dar ya kuishi kwa akili, sasa ni Tanzania nzima.

Tahadhari moja, kaka: usije ukajitetea kwamba ulimaanisha "baharia". Mitandaoni vijana wamelichukua nalo, sasa ni mwanaume mjanja, hasa wa wanawake. Utachochea moto.

Kibarua: Usimpelekee somo la lugha. Mtafute mshenga wako, nendeni asubuhi, ukae chini, useme "Baba, neno langu limekuumiza, nisamehe." Maana ya neno ieleze akikuuliza. Na kwa kuwa ulilisema hadharani, omba ruhusa ulifute kwenye kikao kijacho cha ukoo.

Mleta uzi: Nawashukuru sana. Nimeongea na mshenga, tunaenda Jumapili baada ya ibada. Ameniuliza swali moja: "Baba yako mzazi ungemwita hivyo?" Nilikuwa namwita hivyo, wakuu, mpaka siku za mwisho kitandani, naye akicheka. Mzee akiniuliza, hilo ndilo nitakalomwambia.