JKIA: tupanue Embakasi au tuhamie kwingine?

Mwanzisha mada

Wandugu, Rais Ruto aliposimama Bungeni tarehe 21 Novemba 2024 na kutangaza kwamba mpango wa kampuni ya Adani ya India kuuendesha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) pale Embakasi, Nairobi, umefutwa, watu walishangilia, kisha kila mtu akaenda zake. Swali lenyewe halikujibiwa. Tulichokubaliana, karibu nchi nzima, ni kwamba hatutaki kukodisha uwanja wetu mkuu kwa miaka 30 kwa mpango wa dola bilioni 1.85 ambao tuliujua kwa sababu ulivuja. Wafanyakazi walikuwa wameshagoma Septemba, mahakama ilikuwa imeshausimamisha. Sawa. Sasa je? Kuna wanaosema JKIA ipanuliwe palepale, na kuna wanaosema Embakasi pamechoka, tujenge uwanja mpya kabisa Konza au Kajiado. Mimi ni wa Embakasi. Nitaeleza kwa nini, kisha mnipinge.

Kwanza tuache kuangalia paa. Najua linavuja, video za ndoo na maji yanayotiririka tumeziona sote. Najua usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea nchi nzima, abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta ya kuokoa hali haikuwaka. Ni aibu, lakini hayo ni mambo ya matengenezo. Tatizo lenyewe liko nje ya jengo: njia ya kurukia na kutua ni moja tu. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na kila ndege, iwe ya Kisumu au ya New York, lazima ipite hapo. Moja ikipasukiwa na gurudumu katikati, uwanja mzima umefungwa. Zilizo angani zinaelekezwa Mombasa, Entebbe au Kilimanjaro, na anayelipia mafuta hayo mwishowe ni abiria. Hata kuweka lami mpya kunabidi kufanywe kwa vipande, usiku, huku watu wakiangalia saa.

Wanasiasa wetu hupenda majengo ya abiria kwa sababu yanapigika picha. Mwaka 2014 tulizinduliwa Greenfield, jengo la Sh56 bilioni la kuhudumia abiria milioni 20 kwa mwaka. Mwaka 2016 likafutwa, na mwanakandarasi alikuwa ameshapokea zaidi ya bilioni 4 za malipo ya awali. Uwanja uliokusudiwa abiria milioni 7.5 sasa unapitisha zaidi ya milioni 8, kwa hiyo jengo linahitajika, sikatai. Lakini jengo jipya bila njia ya pili ni kuongeza foleni tu.

Wanaotaka uwanja mpya hutuonyesha Kigali na Addis Ababa. Mifano hiyo tuisome yote basi. Kanombe, uwanja wa Kigali, imebanwa na mji na vilima, haina pa kujinyoosha, ndiyo maana Rwanda ikaenda kujenga mpya Bugesera na kuwaingiza Qatar Airways kama wabia. Bole, uwanja wa Addis, nayo iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, injini haitoi nguvu zake zote na bawa halibebi inavyopaswa, kwa hiyo ndege kubwa ya safari ndefu inaacha mizigo au mafuta chini ili iweze kupaa. Bishoftu, wanakojenga uwanja mpya, ni chini kwa mita mia kadhaa. Waethiopia wananunua tani za ziada kwa kila ndege inayoondoka. Sisi tukitoka Embakasi, mita 1,600 na ushee, tukaenda Konza, tunanunua nini? Mwinuko ni uleule. Kajiado ndiyo kabisa, tunapanda juu zaidi.

Mkazi wa Syokimau

Mwenzetu umeeleza hewa vizuri, ila umeiruka ardhi. Hiyo njia ya pili utaitandaza wapi?

Novemba 2011, kabla sijahamia huku, tingatinga ziliangusha nyumba Syokimau kwa madai kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege. Waliobomolewa walikuwa na hati mikononi. Walikuwa wamepimiwa viwanja, wamejenga maghorofa, wameunganishiwa stima, na hakuna afisa aliyewahi kuwaambia wanajenga pasipo pao. Siku ya tingatinga ndiyo waliambiwa. Sasa upande mmoja wa uwanja kuna Mombasa Road, juu yake Expressway, ng'ambo yake reli ya SGR na mbuga. Upande wa pili kuna Eastern Bypass na mitaa ya Embakasi na Utawala inayokua kila mwaka. Kila anayetamka "tupanue" anataja nyumba za watu bila kuzitaja.

Na kelele je? Ndege zinaposhuka upande wetu, ukiwa kwenye simu unasema "subiri kidogo" mpaka ipite. Mkiongeza njia, mtaongeza na hizo. Konza bado ni nyika. Mpeleke huko mapema, kabla mabroka wa viwanja hawajafika.

Msafirishaji wa maua na mboga

Mabroka walifika Konza kitambo, dada.

Mimi nawaomba mkumbuke kwamba si abiria tu wanaoruka Embakasi. Waridi la Naivasha hukatwa asubuhi, linapoozwa, linafungwa kwenye maboksi, na lori linalipeleka Embakasi ili lipande ndege usiku. Kuanzia shambani hadi kwenye mnada Uholanzi tunahesabu saa. Boksi likikaa nje kwenye joto, ua halifi hapohapo. Linafia kwenye chombo cha mnunuzi siku mbili kabla ya wakati wake, na oda inayofuata huioni. Mabohari ya baridi yako Embakasi, mawakala wa forodha wako Embakasi, wakaguzi wa mimea wako Embakasi. Mkihamisha uwanja hadi Konza, lori linalotoka Naivasha linavuka Nairobi nzima kisha linaongeza makumi ya kilomita kwenye Mombasa Road. Mnaijua foleni ya Mlolongo jioni.

Mtasema tutajengewa mabohari mapya. Eldoret tulijengewa uwanja, ukafunguliwa 1997. Ndege za mizigo hushusha bidhaa kule, vyombo vya elektroniki na nguo, kisha hupaa tupu kuja Nairobi kupakia maua. Zinashusha panapowafaa wanaoagiza, zinapakia palipo na mzigo. Mzigo wetu hauko Konza.

Mkenya aliye Doha

Hapa ninapoishi uwanja mpya wa Hamad ulifunguliwa 2014, kilomita chache tu kutoka ule wa zamani, na shirika lote la Qatar Airways likahamia. Naona mnaogopa kitu ambacho wenzetu walikifanya bila kusimamisha safari. Huwezi kukarabati jiko huku wageni wanakula, na JKIA haijawahi kupumzika. Kila ukarabati wetu ni kiraka. Jengo la waliowasili liliungua Agosti 7, 2013, tukahudumia watu kwenye mahema, na jengo la muda tulilosimamisha tukalizoea.

Wakati huohuo Addis inapitisha watu wengi kuliko sisi na bado inaona hapatoshi. Wengi wao hawaendi Addis hata kidogo, wanabadilisha ndege tu. Kenya Airways ilikuwa na nafasi hiyo. Tatizo letu ni kufikiri kwa mizani ya Nairobi badala ya mizani ya bara. Ukipanga kwa ajili ya milioni 8, utabaki na milioni 8.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Doha, mfano wako wa Hamad unanisaidia mimi kuliko wewe. Umesema mwenyewe: kilomita chache. Waliweza kuhama kwa mkupuo kwa sababu walihama jirani, wakafunga wa zamani kwa safari za kawaida, na shirika la ndege na uwanja viko chini ya serikali moja yenye fedha. Sisi mwaka 2019 tulijaribu hata kuikabidhi Kenya Airways uendeshaji wa JKIA, na ikashindikana.

Kinachonitia hofu ni Montréal. Kanada walijenga Mirabel, wakaifungua 1975, mbali na mji, wakaacha ule wa zamani wa Dorval ukiendelea na safari za ndani. Anayetoka mji mdogo akienda Ulaya akalazimika kushuka uwanja mmoja na kupanda gari hadi wa pili. Watu wakachagua kuunganishia Toronto. Mwaka 2004 ndege za abiria ziliondoka Mirabel, na 2014 wakaanza kulibomoa jengo. Sasa tujiulize: tukijenga Konza, nani atakuwa na ubavu wa kuifunga Embakasi? Hakuna. Tutabaki na viwanja viwili vilivyogawana abiria wachache, na uwanja mdogo wa Wilson pale Lang'ata juu yake.

Kuhusu milioni 8: watu wa kubadilisha ndege hawaletwi na jengo. Wanaletwa na shirika lenye ndege za kutosha zinazofika na kuondoka kwa mawimbi, ishirini zikitua ndani ya saa moja na ishirini zikipaa baadaye. Kwa njia moja wimbi hilo haliwezi kukua, hata ukiwa na jengo la dhahabu.

Mhandisi mstaafu

Niongeze kipimo kimoja, maana mnazungumzia "njia ya pili" kama kwamba zote ni sawa. Ili ndege mbili zitue kwa wakati mmoja bila moja kuisubiri nyingine, kanuni za kimataifa zinataka mistari ya kati ya njia hizo iachane kwa angalau mita 1,035. Ukiziweka karibu zaidi unapata njia ya akiba: moja ikifungwa, ya pili inafanya kazi. Hilo ni jambo jema, lakini uwezo hauongezeki maradufu. Anayewaahidi maradufu aulizwe kwanza umbali.

Dereva wa teksi

Nyinyi mnapanga ya miaka 50, mimi naomba ya kesho. Kabla ya kufika kwenye jengo, abiria anashushwa kwenye kizuizi, anatembea kwenda kukaguliwa kibandani huku mimi nikipitisha gari, tunakutana ng'ambo. Mvua ikinyesha, mama mwenye mtoto mgongoni anashuka vilevile. Hapo panahitaji paa refu na njia zaidi za kukagulia. Hata Konza mtaweka kizuizi hichohicho.

Mwanzisha mada

Mzee wetu mhandisi amenisaidia kuweka msimamo wangu vizuri. Nataka njia ya pili Embakasi, iliyo mbali na ya kwanza kwa hizo mita 1,035 au zaidi, ijengwe kabla ya jengo lolote la kifahari, na fedha zake zijadiliwe Bungeni hadharani. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege itoe ramani ya mipaka yake, yenye alama za mawe na namba za viwanja, tuone kilicho wazi na kilichojengwa. Ikionekana mita hizo hazipatikani bila kubomolea watu, nitahamia upande wa uwanja mpya, na dada wa Syokimau atakuwa ameshinda.

Mkazi wa Syokimau

Ramani hiyo majirani zangu wanaihitaji tangu 2011. Ikitoka nitaiweka hapa tuipime wote, namba kwa namba. Mpaka siku hiyo mimi ni wa Konza.