Naomba ushauri: nibaki muuguzi, nihamie uongozi wa afya wa halmashauri, au niombe udiwani?

MuuguziMwambao:
Shikamooni wakubwa, na habari za jioni wenzangu. Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada, na huu ni mwaka wa sita nikiwa katika zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kigoma, ambako boti hufika kwa urahisi kuliko gari. Kliniki ya wajawazito, chanjo na huduma za mkoba, yaani kuwafuata watu huko waliko, kwenye vitongoji vya wavuvi tunazibeba wawili tu. Mwaka jana safari za mkoba zilisimama miezi mitatu kwa sababu mafuta ya boti hayakuwekwa kwenye mpango, na walioupanga sidhani kama wamewahi kulowa katika boti ile. Tangu hapo natamani kuwa miongoni mwa wanaopanga. Nafikiria shahada ya uuguzi, au ya usimamizi wa mifumo ya afya pale Mzumbe, au udiwani wa viti maalumu ambao akina mama wa kata wananihimiza niuombe. Nina watoto wawili wadogo. Naomba mawazo, hasa ya wanawake waliotangulia.

MstaafuKasulu:
Marahaba mwanangu. Nimestaafu nikiwa muuguzi, baada ya miaka kumi na mmoja katika timu ya afya ya wilaya. Kabla hujachagua chuo, chagua kada, yaani aina ya kazi unayoajiriwa nayo. Shahada ya uuguzi itakufanya Afisa Muuguzi na kukuweka kwenye njia ya kuwa Muuguzi Mkuu wa Halmashauri, ambaye ni mjumbe wa timu ya uendeshaji wa huduma za afya. Ile ya Mzumbe inaelekea kwenye ukatibu wa afya, ambayo ni kada nyingine, na anayebadilishiwa kada anaweza kuanzia ngazi ya chini kuliko aliyokwisha kuifikia. Mwombe Afisa Utumishi akueleze jambo hilo kwa maandishi, maana maneno ya koridoni hayamlindi mtu. Hakikisha pia jina lako limo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri na ruhusa ya masomo unayo mkononi. Nimeona mabinti wawili walioondoka kwa ahadi ya mdomo wakakatiwa mshahara wakiwa darasani. Kwa sasa, nafasi ya mratibu wa afya ya uzazi na mtoto ikitokea, iombe hata kwa kukaimu. Mratibu ndiye anayeyatetea mafuta ya boti wakati Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, yaani mpango na bajeti ya afya ya mwaka, unapoandikwa, na mwaka wa fedha ukishaanza Julai 1 bila kifungu hicho, kukiingiza ni kazi ngumu mno.

MamaBaraza:
Niliwahi kuwa diwani wa viti maalumu. Viti hivyo hupitia kwenye chama, kwa hiyo kura za akina mama wa kata yako pekee hazitoshi, na kazi ya umma huwezi kuichanganya na siasa upendavyo. Diwani hulipwa posho, na kwa mwenye watoto wadogo tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, mama mkubwa MstaafuKasulu ameliruka baraza la madiwani: mpango wote hupita mbele ya madiwani, na katika Kamati ya Elimu, Afya na Maji tulikosa mtu wa kuuliza kwa nini kituo fulani hakina safari za mkoba. Muuguzi angeuliza.

BintiBuhigwe:
Dada, je, kamati ya usimamizi wa zahanati yenu inakaa? Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Sisi mafuta ya pikipiki ya mkoba tuliyaweka kwenye mpango wa kituo chetu wenyewe.

MuuguziMwambao:
Nashukuru sana. Kamati ipo, ila nakiri kwamba haijakaa tangu mwenyekiti wake alipohamia Uvinza mjini. Udiwani nauweka kando mpaka watoto wakue. Jumatatu nakwenda kwa Afisa Utumishi na barua ya kuomba kuingizwa katika mpango wa mafunzo kwa ajili ya shahada ya uuguzi. Mama, je, mwenye stashahada hukubaliwa kukaimu uratibu?

MstaafuKasulu:
Mimi nilianza nikiwa na stashahada. Peleka barua mbili siku hiyohiyo, ya mafunzo na ya kuomba kukaimu, na nakala zote zigongwe muhuri wa masjala.